Naomba ushauri: sindano za kila mwezi za wagonjwa wa akili, wilaya ya Makete, wakati wa masika

Wakuu, habari za kazi. Wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kuamini yasiyokuwepo) walioruhusiwa kutoka hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, wanaendelea na flufenazini dekanoeti, sindano ya kuzuia dalili hizo, miligramu 25 kila wiki 4 kwenye zahanati za huku Makete. Masika barabara zinakatika, tarehe za sindano zinapita. Ubaya ni kwamba dalili hazirudi siku hiyohiyo: dawa hii ya mafuta huisha mwilini polepole, familia hudhani mtu amepona, kisha wiki kadhaa baadaye usingizi unapotea, anaanza tena kusikia sauti.

Mnapangaje? Kliniki ya mkoba (wahudumu kuwafuata wagonjwa vijijini) kabla ya mvua, au mhudumu wa afya ya jamii ashike daftari la tarehe na namba ya ndugu? Na nani achome?