Naomba ushauri: simbilisi kazaa ghafla, na dume alikuwa naye

Wakuu, habari zenu. Niliuziwa simbilisi wawili nikahakikishiwa wote majike. Leo asubuhi nakuta vitoto vitatu kwenye nyasi kavu, macho wazi, manyoya tayari, kimoja kinatafuna jani kama mwenye nyumba! Dume nimeshamtoa, maana jike huweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa. Je, nimechelewa? Mimba yao huchukua siku 59 hadi 72, sasa nitaijuaje mapema bila kumminyaminya tumbo? Halafu mama ana chuchu 2 tu, na kale kadogo kabisa kanasukumwa pembeni kila wakinyonya. Nikatafutie maziwa mengine au nikaache kapambane? Vidume nitavitenga vikifika wiki 3, hilo halinisumbui.