Mtihani wa Kiayalandi baada ya miaka mingi, naanzia wapi?

binti_wa_cork: Wakuu habari zenu, hasa mlioko Ayalandi. Nililetwa huku nina miaka 8 kwa hiyo Kiayalandi nimekisoma shuleni mpaka Leaving Cert, mtihani wa kumaliza sekondari huku, 2007 hiyo, nikapita kwa kukariri insha na kesho yake nimeshasahau zote. Sasa nina watoto wawili, nataka kuomba ualimu wa primari na huko Kiayalandi hukikwepi, nimejiandikisha TEG, mtihani wa Kiayalandi wa watu wazima, ngazi ya B1 (ya kati), imebaki miezi minne. Kusoma naelewa elewa ila nikiulizwa kitu mdomo unaganda, neno likigoma linakuja la Kiswahili, juzi nimemjibu mwalimu "ndiyo" darasa zima likacheka. Nisaidieni jamani.

mzee_galway: Pole dada, ila hata ungesema ndiyo kwa lugha gani ungekosea tu, Kiayalandi hakina ndiyo wala hapana. Unarudisha kitenzi. Ukiulizwa "An dtuigeann tú?" (unaelewa?) unajibu "Tuigim" (naelewa), ni kama mtu akikuuliza umekula unajibu nimekula, basi. B1 nimeifanya nikiwa na miaka 41. Karatasi za mfano zipo teg.ie, piga moja ukijipimia muda ujue unavujia wapi. Vitenzi korofi visivyofuata kanuni ni 11 tu, vimalize mapema, mi nilikuwa naviimba nikiosha vyombo.

soga_tu: Naongezea matamshi maana hapa Waswahili tunajichongea wenyewe. Ile urú, herufi inayobandikwa mbele ya neno, sisi tukiona mb tunasoma kama mbuzi. Hapana! "Ár mbád" (boti yetu) b imekufa, sema "mád". "Ár ndoras" d imekufa pia. Ila "ár ngort" ni ng' ya ng'ombe kabisa, hapo wenzako darasani watahangaika we unateleza. Na mwanzo wa neno kubadilika usikutishe, mtoto-watoto umelifanya tangu unanyonya.

kaka_dublin: Mi nilichanganywa na lahaja. Mwalimu wa Donegal anasema "Cad é mar atá tú", kitabu "Conas atá tú", mtu wa Connemara "Cén chaoi a bhfuil tú", wote wanakujulia hali tu, kama Kimvita na Kiunguja. Chagua moja uongee hiyo, nyingine zizoee kwa masikio. Neno likikutatiza ingia teanglann.ie, kamusi ya mtandaoni, ina sauti za lahaja zote tatu. Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiayalandi, mwanzoni watakukimbiza, anza na Ros na Rún, tamthilia ya TG4, TV ya Kiayalandi, ina maandishi chini. Na kukariri sio dhambi, kariri sentensi kumi za kujinunulia muda ukikwama, insha ndo achana nazo.

binti_wa_cork: Asanteni sana aisee. Hiyo ng' nimemjaribishia mwanangu wa pili, kaniambia "mama leo umepatia" 😂 @mzee_galway kwenye kuongea walikuuliza nini?

mzee_galway: Familia, kazi, wikendi, natoka wapi. Nikasema Tanga, mtahini akauliza kuna nini huko, nikaanza habari za samaki, nimekosea sarufi nadhani mara hamsini na bado alikuwa anaendelea kuuliza kuhusu pweza.

binti_wa_cork: Pweza kwa Kiayalandi anaitwaje sasa?

mzee_galway: Ochtapas. Mi siku hiyo nilisema "iasc", samaki, mwenye mikono minane, akaelewa.