Tamthilia ya mauaji miaka 70 na ushee jukwaani, watu hawachoki??

Mzabibu_Mchungu: Wakuu habari za jioni, niko Dodoma huku Nkuhungu nasaidia madogo wa drama shuleni. Tunatafuta mchezo wa kuigiza, dogo mmoja akaniletea habari za The Mousetrap ya Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za mauaji, kumbe imeanza London 1952 na bado inapigwa mpaka leo, korona tu ndo iliisimamisha 2020. Sasa muuaji si ashajulikana kitambo? Mtu analipa kiingilio akaangalie nini?

Bibi_Kitendawili: Wengi hawamjui mwanangu. Shoo ikiisha watazamaji wanaombwa wasikaseme huko nje, na watu wanatunza kweli. Ni kama kitendawili, ukimpa mtu jibu kabla hajakupa mji umekula nini sasa.

KorongoLaNzuguni: Bibi shikamoo, ila hapo sikubali, siku hizi jibu liko mtandaoni dakika mbili tu unalo. Utamu ni pale walipofungiwa. Gesti moja, theluji imeziba njia, simu imekatwa, askari kaingia anateleza na mbao miguuni anasema muuaji anaweza kuwa humu humu, basi hapo kila mtu anamtazama mwenzake vibaya na kila mmoja ana la kuficha. Mi hata nikijua nani kaua bado nitakaa, maana sasa namwangalia anavyodanganya, anavyokunywa chai kama hajafanya kitu 😂

Mzabibu_Mchungu: Daah hapo umenigusa. Ila theluji Dodoma naitoa wapi 😅

KorongoLaNzuguni: Theluji ya nini, weka mvua! Gesti ya njia ya Kondoa, korongo limejaa, basi halivuki, abiria wanalala hapo hapo.

fundi_taa: Angalizo, ile ina wenyewe, huwezi kuchukua tu ukapiga, ruhusa lazima. Andikeni yenu. Hata Christie mwenyewe alianza na kamchezo ka redio ka nusu saa, 1947, ndo akaja kukarefusha.

Bibi_Kitendawili: Marahaba Korongo. Redio nzuri hiyo, giza na sauti tu, mlango unalia kwiii, mnaogopa wenyewe.

Mzabibu_Mchungu: Tunaandika ya korongo basi. Ila tatizo lishaanza, nimewagusia madogo leo jioni, wote kumi na wawili wanataka kuwa muuaji, maiti hataki mtu.