Pezi la mkia limechanika, samaki ni mgeni

Wakuu, samaki wangu mpya wa tangini, kangaja wa njano, pezi la mkia limepasuka karibu hadi shinani. Mwani anakula vizuri. Nimemmulika kwa tochi, kingo za mpasuko ni safi. Nimtie dawa?

— Tulia kwanza, mkuu. Hiyo ni ya wavu au ya kung'atwa. Pima amonia (sumu ya taka za samaki) majini, isome sifuri. Pezi jipya huanza kama utando usio na rangi. Usije ukadhani ni ukungu.

— Kingo zikiwa nyekundu na pezi linazidi kuliwa, hao ni bakteria: mhamishie tangi la karantini. Dawa ya shaba haitibu hilo, tena inaua kamba na matumbawe.

— Asanteni. Ila kuna mwenzake anamkimbiza kutwa.

— Sasa si ungeanza na hilo! Watenganishe leo.