Safari ya Pasaka kwenda Arua: tusafiri usiku au mchana?

Mama wa Watatu, Kampala

Ndugu zangu, salamu. Kila Pasaka mimi na watoto wangu huenda Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa wazazi, na siku zote tumepanda basi la usiku kwa sababu watoto hulala njiani, kukicha tumefika. Mwaka huu nimeingiwa na hofu. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilitaja vifo 5,144 barabarani nchini mwetu, yaani wastani wa watu 14 kila siku. Je, ni giza linaloua, au kuna jambo jingine linalobadilika sikukuu zinapofika? Nikipanda basi la alfajiri, nitakuwa nimepunguza hatari kweli?

Kondakta wa Zamani

Dada yangu, nilikuwa kondakta katika barabara hiyo kwa miaka tisa. Siku za kawaida dereva huenda, hulala, kisha hurudi. Wiki ya sikukuu abiria wote wanaelekea upande mmoja, nauli ya kutoka Kampala imepanda, na basi likishashusha watu Arua hugeuzwa papo hapo, karibu tupu, ili liwahi kundi jingine, dereva akiwa ni yuleyule. Usiku mmoja, karibu na Karuma, mnamo saa tisa, nilimwona dereva wetu akijimwagia maji usoni huku anaendesha. Macho yalikuwa wazi, lakini hakunijibu nilichomwuliza mpaka nilipomgusa bega. Abiria wote walikuwa wamelala. Kwa hiyo ukifika kwenye paki ya mabasi, uliza gari limeingia saa ngapi na kama lina dereva wa pili. Ukiambiwa limeingia sasa hivi na dereva ni huyohuyo, subiri jingine.

Muuguzi, Kiryandongo

Nakubaliana na kaka, ila giza nalo lisipuuzwe. Barabara hiyo, inayopita hapa kwetu, kwa sehemu kubwa haina kitenganishi katikati, na lori likiharibika huachwa palepale, alama yake ikiwa ni matawi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami. Mchana dereva huyaona kwa mbali. Usiku huyaona akiwa ameshayafikia. Mwezi Mei 2018 basi liligonga trekta isiyo na taa huku kwetu, na Oktoba 2025, baada ya saa sita za usiku, mabasi mawili yaligongana kila moja likijaribu kupita gari la mbele yake, wakafa watu 46. Siku hiyo haikuwa hata sikukuu. Nina ombi pia: majeruhi huletwa wakiwa wamekalishwa juu ya bodaboda, shingo inayumba. Ikiwa gari haliwaki moto, tafadhali msimvute mtu kwa mikono. Mshikilieni kichwa kisiyumbe, na mpige simu ya dharura 999.

Mwalimu, Masaka

Tusiwasahau waendao kwa miguu na wapanda bodaboda, ambao ndio wengi miongoni mwa wanaokufa. Asubuhi ya Pasaka, nauli ya taksi, yaani basi dogo la abiria, ikiwa imepanda, utaona baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja wakielekea kanisani, hakuna hata mmoja aliyevaa kofia ngumu. Polisi huweka vizuizi, lakini madereva huonyana kwa kuwashiana taa, mwendo ukapungua kwa umbali wa kilomita mbili tu. Na sisi abiria hunyamaza. Krismasi iliyopita nilikuwa ndani ya taksi ya watu 14 tukiwa 19, nami sikusema neno. Linanisumbua mpaka leo.

Mama wa Watatu, Kampala

Asanteni sana. Nimeomba ruhusa kazini. Tutaondoka Jumatano alfajiri, kabla ya msongamano wa Alhamisi. Kaka, mikanda ya viti vya mabasi mbona huwa siioni?

Kondakta wa Zamani

Mara nyingi imesukumwa chini ya mto wa kiti, dada. Ingiza mkono katikati ya mto na mgongo wa kiti uivute, mapema kabla basi halijajaa, na watoto wawe viti vya katikati, si vile vya mbele mlangoni.