Naomba ushauri: nimelelewa kanisani, mbuyu wa bibi unaninyima usingizi

MtotoWaMchungaji
Wakuu, baba yangu ni mchungaji, nimekulia kwenye kwaya na mikesha. Bibi mzaa baba, Mgiriama wa Kilifi ndani, alikuwa na yake: mvua zikichelewa anamwaga tembo la mnazi chini ya mbuyu wa shambani, anawaita koma, mizimu ya wahenga, kwa majina. Baba akisema ni ushetani. Bibi ametangulia, shamba limebaki kwangu. Kuuheshimu mti ule ni ibada ya sanamu, au ni kutunza alichoumba Mungu?

Shemasi_Mkavu
Waamuzi 6. Gideoni aliikata Ashera, nguzo ya sanamu, usiku, akaifanya kuni. Shika shoka.

BabuTupu
Shemasi, soma na Kumbukumbu 20:19. Mti wa chakula usikatwe hata vitani. Na ubuyu unaliwa.

Ukhty_Kibokoni
Mtume (SAW) amesema hata Kiyama kikikukuta na mche mkononi, upande. Shirki ni kuuomba mti, si kuuacha uishi.

KibokoYaWaganga
Mimi nilikwenda Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Kwale, na shemeji. Tukafungwa nguo nyeusi, tukaingia msituni. Nikaokota kijiti nichokoe meno. Mzee alinitazama mpaka nikakirudisha palepale. Usiku nikaharisha. Nasema ni chapati za njiani, shemeji mpaka leo anasema kijiti.

BabuTupu
Kijana, mti uko hapo tangu hujazaliwa. Usingizi umepotea lini hasa?

MtotoWaMchungaji
Wiki hii. Kuna mtu anautaka mzima, ung'olewe na mizizi upelekwe nje. Nusu ya hela nimeshapokea. Si tamaa, ni karo ya mdogo wangu, na baba amebariki. Tena haukatwi, unahama tu. Mungu wa huku ndiye wa huko.

Ukhty_Kibokoni
Kumbe unatafuta fatwa ya kuhalalisha nusu hela.

Mshale_wa_Usiku
Chai hii! Mibuyu ya Kilifi kung'olewa ipelekwe nchi ya Georgia ni habari ya 2022, mpaka Rais Ruto akaagiza uchunguzi Novemba ile. Jamaa kaipasha moto, kaongeza bibi. Weka picha.

KibokoYaWaganga
Na sukari kaweka nyingi.

Shemasi_Mkavu
Chai au si chai, Waamuzi 6 iko palepale.

MtotoWaMchungaji
Picha siweki. Kwetu kila mtu anaujua mti ule, wataniona. Gari linakuja Alhamisi.

BabuTupu
Ina maana kijijini hujawaambia?