Tumelipishwa mia moja kulishwa uongo kuhusu Madison Square Garden

Wadau, nimekasirika, acheni niseme. Jumamosi mwenye ukumbi mmoja wa video hapa Umoja alibandika bango: "Usiku wa mieleka, historia kamili ya Madison Square Garden." Ndilo lile jumba maarufu la michezo kule New York, Marekani. Kiingilio shilingi 100. Watu wakajaa hadi mlangoni, wengine wakakalia kreti za soda. Kisha dijei akashika maikrofoni akaanza kutudanganya bila haya.

Ati jumba ni lile lile tangu enzi za babu zetu. Lile lipi? Majumba ya jina hilo ni manne! La kwanza lilipewa jina hilo 1879, pale kando ya Madison Square, New York. La pili likajengwa papo hapo 1890. La tatu, la 1925, lilikuwa Eighth Avenue, na hili la sasa limekaa juu ya stesheni ya treni ya Penn tangu Februari 1968. Kwa hivyo mwanamieleka Bruno Sammartino alipomshinda mwenzake Buddy Rogers kwa sekunde 48, tarehe 17 Mei 1963, jumba tunaloliona kwenye televisheni halikuwepo. Na huyu bwana anatuonyesha picha ya jengo la leo la mviringo huku akisimulia pambano hilo!

Halafu lile pambano la Hulk Hogan kumbeba lile jitu Andre the Giant. Ati ni Garden. Hiyo ilikuwa Pontiac Silverdome, Michigan, 1987, hata mtoto anayefuata mieleka anajua. Hogan wa Garden ni yule wa 23 Januari 1984, alipompokonya Iron Sheik mkanda wa ubingwa. Mwaka uliofuata WrestleMania ya kwanza, ile shoo kubwa ya mieleka ya kila mwaka, ikafanyika humo humo.

Kinachoniuma zaidi ni alichoruka. 18 Januari 1971, Ivan Koloff anamlaza Sammartino, bingwa wa zaidi ya miaka 7, na ukumbi mzima unanyamaza. Sammartino mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alidhani masikio yake yameharibika, kumbe ni watu wamepigwa na butwaa. Utasimuliaje historia ya Garden uuache usiku huo? Nafasi yake tukawekewa matangazo ya kubeti.

Nilipoinua mkono kuuliza, akanijibu kwa maikrofoni, "Mzee, fungua ukumbi wako." Watu wakacheka. Nikamfuata mwenye ukumbi, nikamkuta mlangoni anahesabu noti. Hata hakuinua macho, akanisukumia soda ya bure. Soda yenyewe ya moto, na kizibo kishafunguliwa.

Sitaki soda. Mliokuwepo jitokezeni hapa, Jumamosi ijayo twende kabla hajaanza kuuza tiketi. Aturudishie mia zetu, ama arudie shoo bure na mtu anayejua anachosema. Na wewe dijei, najua unasoma hapa: jibu, pambano la Rogers lilikuwa kwenye jumba la ngapi?